Vitamini D na Safari ya Fosfeti Tumboni

Mzazi ambaye mtoto wake ameanza kupinda miguu huulizwa kwanza kuhusu chakula. Swali hilo ni sahihi, ila halitoshi, kwani madini yaliyomo katika dagaa, maziwa na maharage hayajengi mfupa mpaka yavuke ukuta wa utumbo mwembamba na kuingia katika damu.

Fosfeti huvuka ukuta huo kwa njia mbili. Sehemu yake hupenya yenyewe katikati ya seli, hasa baada ya mlo wenye fosfeti nyingi. Sehemu nyingine hubebwa na protini maalumu za seli hizo, na hapo ndipo vitamini D inapohitajika. Ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua, ini huibadilisha, figo huikamilisha, nayo huuchochea utumbo kuongeza wabebaji hao. Inapokosekana, utumbo hufyonza takriban asilimia 60 ya fosforasi ya chakula. Inapotosha, hufikia 80. Kwa kalsiamu pengo ni kubwa zaidi: asilimia 10 hadi 15 tu, badala ya 30 hadi 40. Ndiyo maana mtoto anayefungiwa ndani mchana kutwa aweza kupata matege hata katika nchi yenye jua kama yetu.

Mtoto mwenye miguu inayopinda au vifundo vya mikono vilivyovimba apelekwe kituo cha afya mapema, mifupa ikiwa bado inakua. Asipewe vidonge vya dukani bila ushauri wa mtaalamu. Vitamini D ikizidi hudhuru figo.