Mlinzi wa Tovuti na Namna ya Kumpa Maoni

Wasomaji wengi wa gazeti hili wajua ya kuwa shule yetu ina tovuti, ambamo wazazi husoma matangazo na kupata fomu za wanafunzi wapya. Lakini si wengi wajuao ya kuwa tovuti hiyo ina mlinzi. Katika makala hii nataka kueleza kazi ya mlinzi huyo, na somo tulilopata katika Chama cha Kompyuta tulipotakiwa kutoa maoni juu yake.

Mlinzi huyo si mtu. Ni programu iliyo katika kompyuta ya mbali, ambayo kila baada ya dakika 5 hubisha hodi kwenye tovuti yetu na kungoja jibu. Jibu huja na namba. Namba 200 maana yake ombi limepokelewa na kutimizwa. 404, ukurasa ulioombwa haukuonekana. 500, seva imepatwa na hitilafu. Jibu likiwa baya, au lisipokuja, mlinzi humpelekea mwalimu wetu ujumbe kwa simu. Mwisho wa mwezi hutoa hesabu kwa asilimia, na hapo yafaa kuwa mwangalifu. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Tovuti iliyopatikana kwa asilimia 99.9 ilikosekana dakika 43 tu. Lakini ile ya asilimia 99 ilikosekana dakika 432, yaani saa 7 na dakika 12.

Huduma hii ilikuwa mpya kabisa tulipojiunga nayo, na wenyewe waliwaomba watumiaji wawaambie kasoro zake. Sisi hatukuona kasoro hata moja, mpaka Januari, siku ya kupokea kidato cha kwanza. Nilikuwa langoni nikisaidia kubeba masanduku. Mama mmoja aliyesafiri kwa basi tangu alfajiri alifika na mwanawe bila fomu ya daktari. Mwalimu wa zamu alipomwuliza, alitoa karatasi iliyopigwa chapa katika duka la steshenari huko kwao. Juu ilikuwa na jina la shule, na chini yake nyeupe tupu. Akasema, "Mwalimu, nimeilipia mara mbili, nikidhani mashine ya yule kijana ndiyo mbovu." Ikambidi ampeleke mtoto hospitali jioni ile, naye hana mwenyeji hapa mjini.

Usiku tukafungua taarifa ya mlinzi. Wiki nzima alikuwa ameandika asilimia 100! Wala hakusema uongo. Seva ilijibu 200 kila mara na kutoa kichwa cha ukurasa. Ila hifadhidata ilikuwa na hitilafu, na fomu haikutoka. Mlinzi alibisha hodi, akaitikiwa, akaenda zake. Hakuchungulia ndani.

Kwa hasira nikaandika: "Huduma yenu haifai. Itengenezeni." Mwalimu wetu akaisoma, akanirudishia, akaniuliza, "Ukimwambia fundi nyumba yavuja, aende chumba gani?" Basi tukaandika upya kwa utaratibu huu.

Kwanza, tulieleza tulichofanya: ukurasa upi tuliagiza ulindwe, na kila baada ya dakika ngapi.

Pili, tulieleza tulichotazamia na tulichokiona, kila kimoja peke yake, pamoja na picha ya ule ukurasa mtupu.

Tatu, tulitaja wakati. Mlinzi hutumia saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Yeye akiandika 23:40, hapa ni 02:40 ya siku ya pili, nasi husema saa nane na dakika arobaini usiku. Usipotaja ni saa za wapi, fundi atatafuta kosa katika usiku mwingine.

Nne, tulieleza madhara, yaani safari ya yule mama, kisha tukaomba jambo moja: mtumiaji aweze kuchagua maneno ambayo lazima yaonekane ukurasani, mathalani "fomu ya daktari", yasipoonekana, mlinzi apige kelele hata kama namba ni 200.

Tuliuliza pia mlinzi anasimama wapi. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisumbua Tanzania na nchi jirani. Mlinzi aliye Ulaya angeweza kuiona tovuti ya huko ikiwa nzima, hali sisi hatuwezi kuifungua. Wala hatukusahau lililo jema: seva yetu ilipozimika usiku mmoja, ujumbe ulimfikia mwalimu kabla hajapambazukiwa.

Barua ya kwanza isingepata jibu la maana. Hii ya pili ilijibiwa kwa maswali mawili ya fundi, na baadaye uwezo wa kuchagua maneno ukaongezwa. Lakini sina budi kukiri kosa letu wenyewe: wiki ile nzima hakuna hata mmoja wetu aliyeifungua fomu kama mzazi anavyoifungua. Sasa kila Jumamosi, katika maabara, mwanachama mmoja hufungua kurasa zote na kuzisoma kwa macho yake.

Ndugu wasomaji, mkipewa chombo kipya na kuombwa maoni, msinyamaze kwa adabu wala msikemee kwa hasira. Semeni mlichokiona, saa mliyokiona, na aliyeumia. Nanyi wazazi, mkikuta ukurasa mtupu, tafadhali tupigieni simu shuleni. Mlinzi hajui mnachokitafuta; ninyi mwajua.