Soma Kitabu Kimoja Mpaka Kikubadilishe

Kijana wa Korogwe au Handeni akiniuliza asome kitabu gani ili maisha yake yabadilike, humtajia Habari za Wakilindi, historia ya watawala wa Usambara. Wengi hushangaa, maana walitarajia kitabu cha biashara, au cha tajiri fulani wa Marekani. Vitabu hivyo vina faida yake, ila vimeandikiwa mtu yeyote wa popote, na ndiyo maana ni rahisi kuvisoma na kuvisahau. Hiki kinakutajia milima unayoiona ukiwa stendi ya Korogwe.

Mwandishi wake, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliishi karibu na Semboja, mtawala wa Mazinde, na baadaye akawa liwali wa Tanga wakati wa Wajerumani. Alikiandika kwa Kiswahili. Kilichapwa kwanza na misheni ya Magila, huko Muheza, na mwaka 1962 kikatolewa upya. Hakipo kila duka, kwa hiyo anza kukiulizia kwenye Maktaba ya Mkoa mjini Tanga, au kwa walimu wastaafu wa Kiswahili na historia. Wapo wanaokihifadhi kabatini.

Kabla hujakifungua, andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jambo moja linalokukosesha usingizi. Liandike wazi: "Ndugu zangu wamenitoa kwenye shamba la baba." Au: "Nimemaliza kidato cha nne na sina kazi." Ukisoma bila swali, kitabu kitakupitia tu.

Kisha soma kidogo kidogo. Kurasa tano kwa siku zinatosha. Gawa ukurasa wa daftari kwa mstari katikati: kushoto andika kilichotokea kitabuni, kulia andika kinachofanana nacho kwako. Tuchukue Mbegha, ambaye kitabu kinamtaja kuwa chanzo cha watawala hao. Alizaliwa Ngulu, akaitwa kigego kwa kuwa meno yake ya juu yalitangulia kuota, na ndugu zake wakamnyima urithi. Akaenda Kilindi, nchi ambayo hapo awali ilikuwa ndani ya Wilaya ya Handeni. Huko nako mtoto wa mtawala akafa wakiwa pamoja mawindoni, ikabidi Mbegha akimbie. Mtu huyo, mara mbili mkimbizi, ndiye aliyekuja kutawala Vuga, huko milimani Usambara, na uzao wake ukaitwa Wakilindi.

Kwa nini Washambaa, wenyeji wa milima hiyo, walimpokea? Hapa usikimbilie ukurasa unaofuata. Mbegha hakufika akidai cheo. Alikuwa mwindaji hodari: aliua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu, akagawa nyama, akapewa vyakula vya shambani. Baadaye alimuua simba pia, lakini watu walikuwa wamekwisha kumjua kwa nguruwe. Sasa rudi kwenye upande wa kulia wa daftari, uandike: majirani zangu wanasumbuliwa na nini ambacho mimi naweza kukiondoa? Handeni nguruwe pori bado wanaingia kwenye mahindi. Machungwa yanaozea chini ya miti wakati bei imeanguka. Pikipiki inaharibika kijijini na fundi yuko mjini. Andika majibu matatu, chagua moja, na ulianze kabla hujamaliza kitabu. Hii ndiyo sehemu ngumu, na bila hiyo yote mengine ni burudani tu.

Kuandika baada ya kusoma si kazi ya wanafunzi peke yao. Julius Nyerere, akiwa Makerere kati ya 1943 na 1945, alisoma kitabu cha John Stuart Mill kuhusu wanawake kuwekwa chini ya wanaume. Hakuishia kukisifu. Aliandika insha akiyapima mawazo yale kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki, naye alikuwa mtoto wa chifu mwenye wake 22, akijua alichokiona kwao. Kitabu cha Mwingereza kilimfaa kwa sababu alikirudisha nyumbani kwa mama yake.

Jambo jingine: ukirudi kwenye Habari za Wakilindi, usikiamini kitabu chote. Abdallah aliwaona Wakilindi kwa jicho la mtu aliyekuwa upande wao, na Wabondei, walioasi utawala huo baada ya kufa mtawala Kimweri ye Nyumbai, wana masimulizi yao. Basi mchukulie bibi au babu sukari na majani ya chai, mwamkie shikamoo, umsomee sura moja kwa sauti, unyamaze. Atakukatiza. Atakuambia, "Siyo hivyo, mjukuu wangu," na hapo andika kila neno. Mtu aliyejifunza kupima kitabu dhidi ya shahidi mwingine hadanganyiki upesi na mhubiri wa utajiri wa haraka, wala na mwanasiasa, wala na dalali wa mashamba.

Kama mko wawili au watatu, someni kwa zamu jioni. Asiyejua kusoma vizuri asikilize, kwani hadithi hizi ziliishi midomoni kabla ya karatasi.

Ukikipata, anza na sura za Mbegha. Vita vya uzao wake viache kwanza, uvisome ukishapata mzee wa kumuuliza, na usichelewe kumtafuta.