Anapokuja mtu kukupokea zamu ya mgonjwa

Kuuguza mtu nyumbani ni kazi isiyo na likizo. Chukulia binti wa Faza ambaye mamake amepooza upande mmoja kwa kiharusi. Miezi inapita akimgeuza, akimlisha na kumwosha. Kisha inambidi avuke kwenda Amu kwa shughuli ya siku tatu. Nani atabaki na mama?

Aghalabu huitwa jirani au binti ami. Hilo ni jema, ila mara nyingi mgonjwa hukabidhiwa mlangoni, boti ikisubiri, kwa maneno machache: "Dawa zimo kikapuni." Hapo ndipo madhara huanzia.

Labda utasema yupo mhudumu wa afya ya jamii. Kweli, mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwapa wahudumu hao mikoba yenye kipima shinikizo la damu na kipima sukari. Lakini mmoja hupangiwa takriban nyumba 100. Hawezi kukesha kwako. Mjulishe tu tarehe za safari ili apite kumwangalia mgonjwa.

Anayekupokea zamu na aje siku moja kabla, afanye kazi yote kwa mikono yake nawe ukitazama. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo hupata vidonda vya kulala. (Kitanda cha kamba chenye godoro jembamba huviharakisha.) Kagueni pamoja visigino, nyonga na juu ya matako. Katika ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane. Gusa kama pana joto au pamekuwa pagumu. Mahali hapo pasisuguliwe wala kulaliwa.

Kulisha kwataka subira zaidi. Kiharusi huweza kulegeza koo, chakula kikapita njia ya hewa na kuleta nimonia. Mgonjwa aketi wima, apewe kidogo kidogo, na asilazwe mpaka ipite nusu saa. Akikohoa kila anywapo maji, au sauti ikikwaruza kama ya mtu mwenye maji kooni, asilazimishwe, atafutiwe daktari.

Dawa ziandikwe daftarini: jina, kiasi, saa, na alama kila inapomezwa. Bila alama, mmoja hudhani mwenzake amekwisha kumpa. Ikiwa mgonjwa hudungwa insulini, andika pia afanyeje asipokula. Akitetemeka, akitoka jasho na kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka: apewe kinywaji cha sukari iwapo anaweza kumeza. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani. Ni wa kukimbizwa hospitali.

Tena mwulize mgonjwa mwenyewe. Bibi aliyejistiri maisha yake yote ana haki ya kusema nani amwoshe.

Na malipo? Visiwani twaona haya kuyataja kwa jirani. Lakini jirani huyo ameacha mkeka wake nusu na wanawe nyumbani. Patana naye kabla, hata kama ni kiasi kidogo, na muda uwe na mwisho.

Sasa bahari. Boti nyingi za kati ya Pate na Amu hupitia Mkanda, na maji yakipwa njia hiyo huwa ya kina kifupi. Kwa hiyo mshika zamu asingoje mgonjwa azidiwe. Akianza kupumua kwa shida, akipata homa, akiacha kukojoa, au uso ukipinda na maneno yakipotea upya, apelekwe mara moja hospitali ya Faza. Akihitaji kuvushwa hadi hospitali ya King Fahd, nahodha awe amekwisha kuarifiwa na nauli iwe imewekwa kando. Nambari za nahodha na za mhudumu wa afya ziandikwe kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari.

Ukirudi, usimwage mwenzako upesi. Keti naye, fungua daftari, mgeuzeni mgonjwa pamoja na kukagua ngozi tena, ndipo umwache aende kwake.