UNGA UNAOPOZA MAJI BILA BARAFU

Hapa kwetu Isiolo jua halina huruma. Mtu akitaka maji baridi hufikiria friji, au mtungi uliowekwa kivulini. Lakini je, umewahi kusikia juu ya unga mkavu, wenye joto sawa na la chumba, ambao ukitiwa majini na kukorogwa maji yanapoa ghafla? Usiseme ni uchawi. Ni kemia tu, na wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Basi tuwashe taa.

Kwanza tunyooshe lugha, maana hiki ni chama cha Kiswahili. Mitaani tunasema barafu imeyeyuka na sukari imeyeyuka. Hayo ni mambo mawili. Barafu huyeyuka kwa kupata joto, ikawa maji. Sukari humumunyika, yaani chembe zake hutawanyika ndani ya maji, na kinachopatikana huitwa mmumunyo. Makala haya yanahusu kumumunyika.

Kwa nini maji yapoe?

Chembe za unga mkavu zimeshikana kwa nguvu. Ili zitawanyike lazima vifungo vyao vikatwe, na kazi hiyo inakula nishati. Baada ya hapo molekuli za maji huzizunguka chembe hizo na kuzikumbatia, na tendo hilo hutoa nishati. Sasa piga hesabu kama ya dukani. Iwapo kinachotolewa kinazidi kilicholiwa, maji yatapata moto. Iwapo kilicholiwa ndicho kikubwa, deni litalipwa na maji yenyewe kwa joto lake. Ndipo yanapopoa.

Pengine utauliza: kama ni hasara, mbona unga unakubali kumumunyika? Swali zuri. Fikiria mbuzi waliofungiwa ndani ya boma. Ukifungua lango, hawabaki wamebanana, watatawanyika malishoni. Chembe nazo zina mwelekeo huo wa kutawanyika, na mwelekeo huo waweza kuishinda hasara ya joto.

Tazama mifano hii. Tarakimu ni za kukadiria, kwa moli moja ya kila kitu katika maji mengi:

– Shura (nitrati ya potasiamu), gramu 101: humeza jouli 35,000.
– Nitrati ya amonia, gramu 80: humeza jouli 26,000.
– Yurea, gramu 60: humeza jouli 15,000.
– Chumvi ya mezani, gramu 58.5: humeza jouli 4,000 tu. Ndiyo sababu mpishi hahisi kitu.
– Soda kaustiki, gramu 40: hii ni kinyume, hutoa jouli 44,000. Usiiguse kwa mkono!

Jambo hili si geni duniani. Katika jumba la mfalme Akbar wa India, aliyetawala kuanzia 1556 hadi 1605, chupa ya maji ya kunywa ilizibwa vizuri na kuzungushwa ndani ya maji yaliyotiwa shura. Maji ya kunywa yalipoa bila kugusana na shura. Siku hizi kuna pakiti za huduma ya kwanza zenye nitrati ya amonia au yurea, na kifuko cha maji ndani. Mchezaji akiteguka kifundo cha mguu, pakiti hubanwa, kifuko kinapasuka, na baridi inaanza. Ifunge kwa kitambaa kwanza, na usizidishe dakika 20.

Jaribio

Fanya mbele ya mwalimu wako. Tia mililita 100 za maji katika kikombe cha plastiki, upime joto lake. Ongeza gramu 30 za yurea, koroga, kisha andika joto la chini kabisa litakalofikiwa. Gramu 30 ni nusu moli, kwa hiyo humeza karibu jouli 7,500. Mmumunyo una gramu 130. Tukichukulia kila gramu yahitaji jouli 4.2 kwa nyuzi moja, 130 × 4.2 = 546. Gawanya 7,500 kwa 546: unapata karibu nyuzi 14. Kipimajoto chako kitaonyesha pungufu kidogo, kwa kuwa kikombe na hewa navyo hurudisha joto.

Je, tupoze maziwa kwa yurea?

Hapa ndipo penye maana kwetu. Akina mama wa Isiolo hupeleka maziwa ya ngamia Nairobi, safari ya karibu kilomita 280, na maziwa yakiharibika njiani ni hasara tupu. Mtu mwerevu atasema, "Si tutumie yurea!" Ngoja kwanza. Kupoza lita 20 za maziwa kutoka nyuzi 35 hadi 10 kwahitaji kuondoa karibu kilojouli 2,000. Kilo moja ya yurea humeza kama 250. Hivyo zatakiwa kilo 8, bila kuhesabu baridi inayoishia katika maji ya yurea yenyewe. Nani ataweza gharama hiyo kila siku?

Kumbe guni lililoloweshwa lina akili zaidi! Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua karibu kilojouli 2,400. Guni halitafikisha maziwa nyuzi 10, la hasha, lakini katika upepo mkavu wa huku litapunguza joto vizuri mpaka yafike penye mtambo wa kupozea.

Na kuna hatari kubwa. Usimwage maji ya yurea ovyo, wala kuacha gunia la mbolea wazi. Ng'ombe, mbuzi au kondoo mwenye kiu akiyanywa, yurea hugeuka amonia tumboni na kuingia damuni. Mnyama hutetemeka, hutokwa povu, tumbo hujaa gesi, na aweza kufa baada ya muda mfupi. Ukiona dalili hizo, muite daktari wa mifugo mara moja. Nitrati ya amonia nayo si ya kuchezea: tani zipatazo 2,750 zililipuka bandarini Beirut tarehe 4 Agosti 2020, na watu zaidi ya 200 wakafa.

Elimu ni pamoja na kujua lini usitumie unachokijua. Sasa jipime:

1. Eleza tofauti ya kuyeyuka na kumumunyika.
2. Gramu 15 za yurea zikitiwa katika mililita 100 za maji, joto litashuka nyuzi ngapi?
3. Kwa nini chupa ya mfalme Akbar ilizibwa?