SOMO LA AFYA: DAMU CHOONI SI JAMBO LA KUFICHA



Baba yangu mukubwa aliona damu katika choo mwaka muzima, akanyamaza kwa haya. Alisema ni amiba tu. Kumbe ni kansa ya utumbo mukubwa. Utumbo huo una urefu wa karibu metre 1.5, munganga alikata sehemu yenye ugonjwa. Sasa choo inatokea pembeni ya tumbo, ndani ya mufuko anaobadilisha mwenyewe. Anakula, anachunga mbuzi zake. Lakini kanisani haingii, anaogopa harufu. Mufuko ukishikamana vizuri, harufu haitoki.

Tushike mambo mawili: damu ikionekana, tupimwe mapema, maana kansa ikikutwa mapema wengi wanapona. Na mugonjwa akirudi kanisani, tukae naye benchi moja.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita