Muwasho Usioisha kwa Anayeishi na VVU: Fahamu Tiba ya Mwanga

Kujikuna usiku kucha si jambo dogo. Usingizi hupotea, ngozi huchubuka, na makovu meusi hubaki mikononi na miguuni. Baya zaidi ni pale mgonjwa anapodhani kwamba ARV ndizo zinazomwasha, akaziacha bila kumwambia daktari.

Chanzo ni nini?
Vipele vidogo vigumu vinavyowasha huwapata zaidi watu ambao kinga yao ya mwili imeshuka. Utafiti uliofanywa Uganda na kuchapishwa mwaka wa 2004 ulionyesha kwamba huenda vingi hutokana na mwili kuitikia kupita kiasi unapoumwa na wadudu. Muwasho pia huweza kuletwa na upele wa kuambukizwa, ngozi kavu, dawa fulani, au ugonjwa wa ini au figo. Kwa hivyo, uchunguzi hutangulia matibabu.

Hatua za kwanza
Meza ARV kila siku. Kinga ikipanda, vipele hupungua, ingawa huenda ikachukua miezi kadhaa. Lala ndani ya neti, paka mafuta ya kulainisha ngozi, na utumie dawa za mzio au krimu ulizoandikiwa na daktari pekee.

Tiba ya mwanga
Muwasho ukikataa kutulia, daktari wa ngozi anaweza kupendekeza miale ya UVB. Mgonjwa husimama mbele ya taa maalumu, macho yakiwa yamekingwa kwa miwani. Huanza kwa muda mfupi sana, kisha kipimo huongezwa polepole. Kwa kawaida huhudhuria mara 2 au 3 kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Miale hiyo hutuliza kinga iliyochachamaa ndani ya ngozi, na muwasho hupungua.

Je, kuota jua kunatosha?
La. Jua halina kipimo na linaweza kukuunguza. Baadhi ya dawa, ikiwemo Septrin, huweza kuifanya ngozi iungue kwa urahisi zaidi. Mweleze daktari dawa zote unazotumia kabla ya kuanza tiba hii.

Usisubiri
Ukiona vipele pamoja na homa, vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi inayobambuka, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Kwa muwasho wa kawaida, anzia katika kliniki unakochukulia ARV na uombe kuchunguzwa ngozi. Muwasho una tiba. Usiuvumilie kimya kimya.