Antena Kwanza, Wati Baadaye: Jinsi ya Kufikisha Redio ya FM Mabondeni

Katika vilima vya majani chai, kama vile wadi ya Chepseon, redio ya FM inaweza kusikika vizuri barabarani juu ya mwinuko, lakini ukishuka kuelekea mtoni inabaki kukoroma. Mkaazi wa bondeni hukosa tahadhari ya mvua kubwa, siku ya chanjo ya mifugo na tarehe ya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti.

Kwa nini hukwama

Mawimbi ya FM, kati ya megahazi 87.5 na 108, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kama mwanga wa tochi. Kilima kikiyakinga, nyuma yake hubaki kivuli. Kuongeza wati mara mbili hakuongezi umbali mara mbili, wala hakuondoi kivuli hicho. Mtambo mdogo pia unaweza kuhudumia jamii: mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, Homa Bay ilipata kituo cha redio ya jamii kilichotumia mtambo wa bei nafuu. Kilifungwa mwaka 1984.

Mambo ambayo fundi huangalia

1. Urefu. Kwenye ardhi tambarare, antena iliyo mita 16 juu hufikia takriban kilomita 16. Ikiwa mita 64, takriban kilomita 33. Mwinuko wa kilima huokoa gharama ya mlingoti mrefu.

2. Idadi ya antena. Antena moja hupoteza nguvu nyingi angani na ardhini. Mbili zikipangwa vyema, moja juu ya nyingine, huelekeza nguvu kwa wasikilizaji, na matokeo hukaribia yale ya kuongeza wati maradufu.

3. Mwelekeo. Kituo kikiwa juu sana, mawimbi yanaweza kupita juu ya vichwa vya watu wa bondeni. Hapo fundi huyainamisha kidogo. Pia huhakikisha mlingoti wenyewe hauzibi upande wenye watu wengi.

4. Mkao. Antena za magari na za redio ndogo nyingi husimama wima. Kituo kinachorusha mawimbi ya kulala tu huwapunguzia wasikilizaji hao usikivu.

5. Kebo na viungio. Kebo nyembamba na ndefu inaweza kumeza nusu ya nguvu kabla haijafika kwenye antena. Maji yakiingia kwenye viungio, hasara huongezeka na mtambo unaweza kuungua. Kericho ni nchi ya mvua na radi, hivyo viungio vizibwe vizuri na mlingoti uwe na waya wa kupeleka radi ardhini.

Kibali ni lazima

Kubadilisha antena si jambo la fundi na mwenye kituo pekee. Nguvu inayotoka kwenye antena huongezeka hata kama mtambo ni uleule, na inaweza kuingilia kituo kingine. Kwa hivyo Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iidhinishe kwanza. Urefu wa mlingoti nao huhitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Baada ya kazi, kituo kipite njia ileile iliyopitiwa awali, kwa redio ileile, na kulinganisha usikivu kijiji kwa kijiji. Bonde ambalo bado liko kivulini linaweza kuhitaji mtambo mdogo wa kupokea na kurusha upya, nao una kibali chake.

Mkaazi afanye nini?

• Sogeza redio karibu na dirisha linaloelekea kituo, mbali na chaja na taa zinazoleta mkoromo.
• Ikiwa redio ina tundu la antena ya nje, tumia waya wenye mikono miwili ya sentimita 75 kila mmoja. Ujaribu ukiwa wima, kisha ukiwa umelala. Uwe ndani ya nyumba, mbali na nyaya za umeme.
• Ukilalamika kwa kituo, taja kijiji, saa, masafa na jinsi sauti ilivyokuwa. Taarifa hiyo humwonyesha fundi kivuli kiko wapi.